Hanania Alihamasisha, Yeremia Alihubiri

Mliokwisha kurudisha ng'ombe zizini na mnaosubiri ugali uive, sogezeni redio karibu, maana mazungumzo ya jioni hii yanahusu mimbari.

Kuna swali linalozunguka makanisani kwetu siku hizi, kwa Wakatoliki, kwa Walutheri na kwa Wapentekoste. Wazee wa kanisa wanaulizana chinichini baada ya ibada, wakiwa wamesimama kivulini: haya tuliyosikia leo yalikuwa mahubiri au ilikuwa motivesheni? Na kama ilikuwa motivesheni, ubaya uko wapi? Watu si wametoka wakiwa na furaha?

Jibu langu nalitoa mapema, asiwepo wa kusema nimezunguka. Motivesheni haina nafasi katika mahubiri. Kanisani inayo nafasi, tena kubwa, na nitaieleza mbele kidogo. Lakini zile dakika ambazo mhubiri anasimama mbele ya waumini baada ya Neno kusomwa si zake, wala si za hadhira yake.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Mhubiri anapanda mimbarini. Anasoma mstari mmoja, mara nyingi nusu yake tu, kisha anaifunga Biblia na kuiweka pembeni, na haifungui tena. Kuanzia hapo ni yeye na kipaza sauti. Geuka umwambie jirani yako, huu ni msimu wangu! Watu wanageuka. Mwambie tena kama vile hakusikia! Watu wanarudia. Sema, nimekataa kuwa wa kawaida! Kanisa linaitikia kwa kishindo mpaka bati linavuma. Kinafuata kisa cha tajiri wa ng'ambo aliyeanza na senti chache mfukoni. Zinafuata kanuni za kutoboa kimaisha: jiamini, ota ndoto kubwa, achana na marafiki wasio na maono. Mwisho kabisa, kwa wengine, inakuja bahasha ya kupanda mbegu.

Katika ibada moja ya namna hiyo nilimwona mama ameketi benchi la nyuma, mtoto amelala mgongoni, daftari la shule la mwanawe mkubwa liko magotini. Alikuwa anaandika zile kanuni. Kalamu ilikuwa inaishiwa wino. Anaitikisa, anaipuliza, anaendelea kuandika. Wengine walikuwa wanashangilia, yeye anaandika tu, kwa bidii ya mwanafunzi anayejiandaa na mtihani. Yule mama alikuja na njaa ya kweli. Alikuwa ametafuta mtu wa kumwambia afanyeje na maisha yake, akadhani amempata. Nami nikajiuliza, katika hayo yote aliyoyaandika, kuna lipi ambalo lisingesemwa na mtu asiyemjua Kristo kabisa? Jina la Yesu lilitajwa kwenye sala ya kufungua na kwenye sala ya kufunga. Katikati halikuhitajika.

Sasa niwatendee haki wahamasishaji, kwa sababu sina ugomvi na kazi yao. Watu kama Eric Shigongo na Joel Nanauka wamewaandikia Watanzania vitabu vya kujiinua kimaisha, kwa Kiswahili, na vijana wengi wanavisoma na kuvijadili. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, hana ada ya kuendelea, hana shamba la kurithi, anahitaji mtu wa kumwambia amka ujaribu tena. Hilo ni jambo jema, na anayelifanya kwa moyo safi abarikiwe.

Na tukiri pia kwamba watu hawajaikimbilia motivesheni bure. Mahubiri yetu mengi yamekauka. Mhubiri hajajiandaa, anarudia yale ya mwaka jana, anakemea mavazi ya mabinti, anadai michango ya ujenzi, na kijana anatoka bila neno hata moja la kushika. Papa Fransisko, mwezi Juni mwaka 2024, aliwaambia mapadre kwamba homilia isizidi dakika nane, kwa kuwa watu wanasinzia, na akasema wanaosinzia wana haki. Alikuwa anayafahamu makanisa yake.

Wala Biblia haikatai mashauri ya maisha. Kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu kwenda kujifunza kwa chungu. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wafanye kazi kwa mikono yao. Kwa hiyo mhubiri anayehimiza watu walime, wasome, waache pombe, wasipige wake zao, hajatoka nje ya mstari.

Basi mpaka uko wapi? Mimi nauona hapa: mhubiri anaanza na Neno ambalo hakulichagua kwa ajili ya kupendeza, analibeba mpaka kwa watu. Mhamasishaji anaanza na kile ambacho watu wamekuja wakikitamani, kisha anatafuta maneno ya kukipamba. Wa kwanza yuko chini ya amri. Wa pili yuko chini ya makofi. Siku za neema huwezi kuwatofautisha, kwa sababu wote wawili wanasema maneno mazuri. Tofauti inaonekana siku ya msiba.

Na sisi wa Hanang tunaijua siku hiyo. Ilikuwa tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na sehemu ya mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ilikuwa imenyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Ikameguka. Tope likashuka na mawe makubwa na magogo ya miti, likapita vijijini, likaingia Katesh mjini, likajaza maduka yaliyo kando ya barabara ya kwenda Babati, likazoa nyumba na waliokuwa wamelala ndani. Waliofariki walizidi 80. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa hali ya hewa. Alikatisha safari akaja kuwaona waathirika. Wengi mnaonisikiliza mlichimba tope lile kwa majembe na kwa mikono mkitafuta ndugu zenu.

Tarehe ile ilikuwa Jumapili. Tena ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Na somo la kwanza lililopangwa kusomwa siku hiyo katika makanisa ya Kikatoliki duniani kote lilitoka katika kitabu cha nabii Isaya, sura ya 63 na ya 64. Kamsomeni wenyewe. Ni maombi ya watu waliovunjika. Wanamwomba Mungu apasue mbingu na kushuka, milima itikisike mbele zake. Wanamlalamikia kwamba amewaficha uso. Wanasema wamekuwa kama majani yaliyonyauka yakapeperushwa na upepo. Kisha wanakiri kwamba wao ni udongo, naye ndiye mfinyanzi. Injili ya siku hiyo ilikuwa Marko 13: kesheni, kwa maana hamjui saa, kama ni jioni, kama ni usiku wa manane, au awikapo jogoo.

Mlima na udongo. Saa ya jogoo. Hakuna padre wa Hanang aliyeyachagua masomo hayo. Kalenda ya liturujia iliyapanga miongo mingi nyuma, na hurudi kila baada ya miaka mitatu. Lakini padre yeyote kuzunguka mlima ule aliyefungua kitabu asubuhi ile alikutana na watu wa kale wakilia kwa Mungu wao kwa lugha ya mlima na udongo, na angeweza kulia nao bila kubuni neno hata moja. Hiyo ndiyo kazi ya mahubiri. Neno linakuwa limetangulia kufika.

Sasa mwite mhamasishaji asimame mahali hapo. Atasema nini? Huu ni msimu wako? Utarudi kwa kishindo? Kuna mzee pale amepoteza mke na wajukuu. Motivesheni ni lugha ya mtu ambaye bado ana mahali pa kuanzia. Kwa aliyepoteza vyote haina la kusema, na ikilazimisha kusema, inaumiza. Maana ile kanuni yake kuu, kwamba fikra nzuri huvuta mema, ukiigeuza upande wa pili inasema aliyepatwa na mabaya aliyavuta mwenyewe. Yesu alilizungumzia jambo la namna hiyo. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka ukaua watu 18, na alikataa kabisa kwamba wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Na rafiki zake Ayubu walifanya vema siku zile saba za kwanza walipokaa naye chini bila kusema kitu. Walikosea walipofungua midomo na kuanza kumpa kanuni.

Wazee wetu Wairaqw waliijua adabu hii kabla ya wamisionari kufika Tlawi mwaka 1907. Mzee anaposimama kutamka slufay, sala ya wote, mwishoni mwa mkutano, na watu wakimwitikia kwa pamoja, hamsifii mtu mmoja mmoja ndoto zake. Anaitaja shida iliyopo, anaomba kwa ajili ya watu wote, mvua na mifugo, na wenye nguvu na wasio nazo wanaitikia sauti moja. Hakuna anayeondoka pale ameambiwa kwamba jirani yake maskini ni mzigo wa kuachana nao.

Nataka sasa twende kwenye mstari unaopendwa kuliko yote na wahubiri wa motivesheni. Ni Yeremia 29, aya ya 11, pale Mungu anaposema anajua mawazo anayowawazia watu wake, mawazo ya amani, ya kuwapa tumaini. Umeandikwa kwenye kanga, kwenye kalenda za ukutani, kwenye vioo vya bodaboda. Ni mstari mzuri. Lakini rudini nyuma sura moja mwone ulikotoka.

Katika sura ya 28 kuna mhubiri anaitwa Hanania. Watu wa Yuda wamechukuliwa utumwani Babeli, wamekata tamaa, na Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili yote yataisha. Mfalme atarudi, vyombo vya hekalu vitarudi, mateka wote watarudi. Yeremia alikuwa amevaa nira shingoni, ishara ya utumwa; Hanania akaivua na kuivunja mbele ya watu wote. Hebu fikirini kelele za shangwe siku ile. Kama kungekuwa na simu, video ile ingezunguka nchi nzima. Yeremia mwenyewe alisema ameni, Mungu na afanye hivyo. Alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli, akatumwa kumwambia Hanania kwamba amewafanya watu wautumainie uongo, na Hanania akafa mwaka uleule.

Ndipo inakuja sura ya 29. Yeremia anawaandikia barua wale mateka. Anawaambia jengeni nyumba mkae humo, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni, mzae, mkautakie amani mji ule mliohamishiwa. Mtakaa huko miaka 70. Miaka 70! Maana yake wengi wenu mtafia huko. Na ni katika barua hiyo, baada ya maneno hayo mazito, ndipo unakuja ule mstari wa tumaini. Haukuandikwa kumwambia mtu kwamba mwezi ujao atapata gari. Uliandikiwa watu ambao wasingeyaona matunda yake kwa macho yao, ili wapande miti ambayo matunda yake yataliwa na wajukuu.

Hivyo wahubiri wetu wanachukua maneno ya Yeremia na kuyahubiri kwa roho ya Hanania. Vivyo hivyo na Wafilipi 4:13, ule wa kuyaweza mambo yote. Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na alichokuwa anasema ni kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Huo ni ushuhuda wa mtu anayeweza kubaki na Kristo akiwa na njaa. Kuutumia kumwahidi mtu kwamba hatapungukiwa ni kuufanya useme kinyume.

Kuna neno jingine la mimbarini linalonichoma kwa namna ya pekee, nikilisikia likisemwa hapa Hanang. Ni hili: umaskini uko kichwani. Badilisha fikra zako utakuwa tajiri. Nawaomba wahubiri wanaokuja kwetu kutoka mijini wajifunze kwanza historia ya ardhi wanayokanyaga.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda hizi, na baadaye kwa msaada mkubwa wa Kanada. Yakafikia mashamba saba, karibu hekta 40,000 za malisho bora ya Wabarbaig. Matrekta yalilima mpaka makaburi ya wazee wao, yale ambayo kwa Mbarbaig ni mahali patakatifu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Sasa mwambie mjukuu wa mmoja wa wanakijiji wale, mwenye ng'ombe wachache waliokonda, kwamba umaskini wake uko kichwani mwake.

Au mkumbuke mbaazi. Wakulima wa Hanang na Babati walihimizwa kulima mbaazi, wakalima, bei ikawa nzuri, watu wakaezeka bati. Mwezi Agosti mwaka 2017 serikali ya India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, na India ndiyo ilikuwa soko letu. Bei ikaporomoka vibaya, wengine wakaziacha shambani. Kosa la mkulima lilikuwa lipi? Aliamka mapema, alipalilia, alisali, alitoa zaka. Uamuzi ulifanyika New Delhi. Mahubiri yanayomweleza mtu huyu kwamba hakuamini vya kutosha yanamwongezea mzigo asiostahili, na yanamficha asijue mzigo wake umetoka wapi. Manabii wa Biblia, akina Amosi na Mika, walijua kuuliza nani kachukua shamba la nani na mizani ya nani imepunjwa. Hilo swali motivesheni hailiulizi kamwe. Wanateolojia wa Afrika wa harakati ya kiinjili ya Lausanne walikutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 kulitafakari jambo hili, na walikubali kwamba Mungu hubariki na huponya, lakini wakakataa kata kata kwamba umaskini au ugonjwa ni alama ya imani haba. Ni Waafrika waliosema hivyo, watu wanaojua njaa ni nini.

Niwape kisa cha ng'ambo kidogo, kwa sababu jambo hili halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1952 mchungaji mmoja wa New York, Norman Vincent Peale, alitoa kitabu juu ya nguvu ya fikra chanya, kikauzwa kwa mamilioni. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1955, mchungaji kijana Robert Schuller alifika California. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wangependa kanisa la namna gani, na wanachokimbia makanisani ni nini. Akaanza ibada kwenye uwanja wa sinema, watu wamekaa ndani ya magari yao. Akaacha kuhubiri dhambi na toba, akahubiri fikra za kuwezekana. Watu wakafurika. Mwaka 1980 akazindua kanisa kubwa la vioo, vioo zaidi ya 10,000, na ibada yake ikaonekana kwenye televisheni dunia nzima. Mwaka 2010 kanisa lile likafilisika. Jengo likanunuliwa na Jimbo Katoliki la Orange, na leo ni kanisa kuu lao. Zilikuwepo sababu nyingi, madeni na ugomvi wa kifamilia, sitaki kuonea. Lakini ibada iliyojengwa juu ya kile watu walichosema wanakipenda ilibaki bila watu walipopenda kitu kingine.

Mwaka uleule wa 1955, huku kwetu, Walutheri wa Norway walifungua hospitali Haydom. Hapakuwa na barabara ya maana wala umeme. Walijenga wodi. Wamama wa Mbulu, Hanang, Iramba na hata Meatu wamejifungulia pale. Mgonjwa wa kifua kikuu, mtoto mwenye utapiamlo, Mhadzabe na Mbarbaig na Mwiraqw wamelala wodi moja. Hospitali ile ipo mpaka leo, ina vitanda zaidi ya 400. Ile ndiyo hamasa ambayo kanisa linajua kuitoa. Mtu aliyebebwa kwenye machela akarudi kwao akitembea kwa miguu hahitaji kuambiwa amwambie jirani yake kwamba amevuka.

Nimeahidi kusema motivesheni ikae wapi. Ikae Jumatano jioni kwenye semina ya vijana. Ikae kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama, kwenye jumuiya ndogondogo mkishamaliza sala, kwenye kongamano la kwaya. Mwalikeni bwana shamba awaeleze kitunguu saumu kinavyolimwa na kinavyouzwa. Mwalikeni mhasibu awafundishe kutunza hesabu. Mleteni hata huyo mhamasishaji, asimame bila joho wala stola, aseme yake, aulizwe maswali, na asiyekubaliana naye anyooshe mkono. Mimbarini mtu hanyooshi mkono. Ndiyo maana kinachosemwa pale lazima kiwe kimetoka kwa mwenye mamlaka kuliko mhubiri. Ukimpa mtu nafasi ambayo haulizwi, halafu akatoa maoni yake binafsi kuhusu kufanikiwa, umewafunga waumini midomo mbele ya maoni ya mtu.

Najua mtasema, makanisa yetu mengine hayana kalenda ya masomo. Basi hubirini kitabu kwa kitabu. Shikeni Injili ya Luka kuanzia sura ya kwanza mpaka ya mwisho. Mtakutana na furaha ya Mariamu, mtakutana na tajiri na Lazaro, mtakutana na msalaba. Hamtaweza kuruka yale msiyoyapenda, na waumini watajifunza kwamba mchungaji wao naye anatii.

Wazee wa kanisa, makatekista, wenyeviti wa halmashauri walei, neno langu la mwisho ni kwenu. Jumapili ijayo ketini msikilize kwa makini, kisha mjiulize jambo moja tu: mahubiri haya yangeweza kutolewa hivihivi hata kama somo lisingesomwa? Kama jibu ni ndiyo, msiende kulisemea kwenye mnada wala kwenye vilabu. Mwendeeni padre au mchungaji wenu nyumbani, kwa heshima, mkamwambie: baba, tunakuhitaji utuhubirie Neno. Mpeni muda wa kujiandaa. Mpunguzieni vikao na safari za michango. Na yule mama mwenye daftari, kama ni muumini wenu, mnunulieni Biblia na kalamu mpya.